Bilioni au Miliaridi? Historia ya Jina la Namba Kubwa katika Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Rumonge ni mji wa Burundi uliozungukwa na majirani wanaozungumza Kiswahili. Kusini, kwa njia ya maji, ipo Kigoma. Ng'ambo ya ziwa, karibu mkabala na mji wenyewe, ipo Baraka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na juu zaidi ipo Uvira. Kaskazini, kwa barabara ya ufukweni, upo Bujumbura wenye mitaa ya Buyenzi na Bwiza ambamo Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Mawese, dagaa, nguo na saruji hupita katika njia hizi bila kuhitaji mkalimani. Bei nazo hupita, ili mradi zisizidi mamilioni. Zikizidi hapo, lugha moja inakuwa mbili. Namba inayoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sufuri tisa huitwa bilioni Kigoma, ilhali Rumonge, Bujumbura na Uvira huitwa miliaridi. Zaidi ya hayo, neno bilioni linapomfikia msomaji aliyesoma hesabu kwa Kifaransa huweza kuwa jina la namba nyingine kabisa, yaani 1 na sufuri kumi na mbili.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wafanyabiashara walimalize wenyewe kwa vidole na vikokotoo, kama wafanyavyo. Lakini mwaka 2022 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka huohuo Kongo ikawa mwanachama kamili. Tangu hapo Kiswahili kimekuwa na wajibu wa kubeba bajeti, mikataba na takwimu kutoka lugha mbili ambazo zenyewe hazikubaliani juu ya maana ya neno hilo. Mfasiri anayegeuza *billion* ya Kifaransa kuwa bilioni, bila kutazama sufuri, hakosei kidogo. Anakosea mara elfu moja.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba bilioni ni neno la Kiingereza na miliaridi ni neno la Kifaransa, na kwamba mpaka wa maneno hayo ni mpaka wa wakoloni. Makala haya yanadai kuwa maelezo hayo ni nusu ya kweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye manufaa kwa watunga sera. Maana ya bilioni inayotumika leo Kigoma ilizaliwa Ufaransa. Uingereza yenyewe iliikataa rasmi hadi mwaka 1974. Tofauti inayoonekana leo katika mwambao huu ni matokeo ya maamuzi ya kiutawala ya juzi tu, na maamuzi ya aina hiyo yanaweza kufanywa tena, safari hii na wenye lugha.

Sifa za namba zenyewe

Kabla ya kufuata historia ya majina, inafaa kuzitazama namba zenyewe, kwa kuwa hazifanani kwa tabia kama majina yake yanavyodokeza. Namba ya kwanza ni 1,000,000,000, yaani 10 kwa kipeo cha 9. Ikichanganuliwa kwa vigawo tasa hubaki na 2 na 5 peke yake, kila kimoja kikiwa na kipeo cha 9. Idadi ya vigawo vyake vyote hupatikana kwa kuongeza moja juu ya kila kipeo na kuzidisha: 10 mara 10, yaani vigawo 100. Namba ya pili ni 1,000,000,000,000, yaani 10 kwa kipeo cha 12. Kwa kanuni ileile ina vigawo 13 mara 13, yaani 169.

Tofauti ya 100 na 169 ina maana. Kila kigawo cha namba kina mwenzake ambaye wakizidishwa hutoa namba ile, na kwa hiyo vigawo huenda wawiliwawili. Namba huwa na idadi witiri ya vigawo pale tu ambapo kigawo kimoja ni mwenza wa nafsi yake, yaani namba hiyo inapokuwa mraba kamili. Namba ya pili ni mraba kamili, kwani ni milioni mara milioni. Namba ya kwanza si mraba: kipeuo chake cha pili kinaangukia kati ya 31,622 na 31,623. Ni mchemraba tu, elfu mara elfu mara elfu.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wa majina. Aliyeanza kuyapanga majina haya kwa utaratibu ni Mfaransa Nicolas Chuquet, katika muswada wake wa mwaka 1484. Yeye alikata tarakimu katika mafungu ya sita sita, na kila fungu akalipa jina kwa kuhesabu vipeo vya milioni. Kiambishi cha Kilatini chenye maana ya mbili kikawa jina la milioni kwa kipeo cha pili, chenye maana ya tatu kikawa cha kipeo cha tatu. Katika mpango huo bilioni ni mraba wa milioni, na jina lasema kweli. Mpango mwingine, uliokuja baadaye, hukata tarakimu katika mafungu ya matatu matatu. Humo bilioni ni elfu mara milioni, na ile mbili iliyomo katika jina haihesabu kitu chochote kinachoonekana. Tuuite mpango wa kwanza mfumo mrefu na wa pili mfumo mfupi. Katika mfumo mrefu pengo kati ya milioni na bilioni lilikuwa pana mno kwa matumizi, na kuanzia karne ya 16 neno *milliard* likaingia kuliziba.

Shanga, nguo na rupia

Ni kosa kudhani kwamba mwambao huu ulisubiri shule za kikoloni ndipo ukutane na wingi mkubwa. Ulikuwa na njia yake ya kuukabili, na njia hiyo haikuwa ya majina marefu ya namba. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, na baadaye kupanda kwa mitumbwi kando ya Burundi kuelekea Uvira, walikuta biashara iliyokwisha kuzoea hesabu za misafara ya Waswahili na Waarabu. Shanga zilihesabiwa kwa khete, na khete kumi zilifanya fundo. Nguo zilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na zikiwa nyingi ziliwekwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Pembe za ndovu zilikwenda kwa frasila.

Kwa hiyo namba ilikuwa na ukoo wake kulingana na kitu kinachohesabiwa. Mtu hakuhitaji kutamka idadi ya shanga zote zilizomo katika mzigo mmoja, ingawa zilikuwa nyingi sana. Alitamka mafundo, na fundo lilibeba kumi, na khete ikabeba zilizobaki. Hesabu ya namna hii ni ya ngazi, na ngazi ndizo zinazomwezesha binadamu kushika namba kubwa akilini. Verney Lovett Cameron, aliyefika Kawele, yaani Ujiji, mwaka 1874, alieleza jinsi shanga za aina ya sofi zilivyotumika sokoni kama fedha. Wapo watu waliokuja asubuhi na mifuko ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi, kisha jioni wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida pande zote mbili. Hao walikuwa wabadilisha fedha kwa maana kamili, na kazi yao ilikuwa kuvuka kutoka ukoo mmoja wa namba kwenda mwingine.

Lugha zenyewe zilikuwa na vilele vyake. Kirundi kina *ijana* kwa mia na *igihumbi* kwa elfu. Juu ya hapo huunganisha, na laki moja huwa *ibihumbi ijana*, yaani elfu mia. Kaskazini zaidi Luganda ilijenga majina pekee kwa kila ngazi ya kumi: *omutwalo* kwa elfu kumi, *akasiriivu* kwa laki moja, *akakadde* kwa milioni. Kiswahili kilikuwa na kikwi, neno la Kibantu kwa elfu, likasukumwa kando na elfu ya Kiarabu. Kutoka Bara Hindi kilichukua laki. Neno la ngazi inayofuata katika hesabu ya Kihindi, lile la laki mia, halikushika mizizi pwani, na hivyo ngazi ya juu ya laki ikabaki wazi hadi milioni ilipoingia.

Laki si pambo. Katika Kiswahili, *elfu mia tatu* inaweza kusikika kama 300,000, na katika mazungumzo ya haraka ikasikika pia kama 1,300, pale msemaji anapomeza neno moja baada ya elfu. Anayesema laki tatu ameondoa utata huo kwa silabi mbili. Nimetaja hili kwa sababu kuna wanaodhani utata wa majina ya namba ni ugonjwa ulioletwa na lugha za Ulaya. Kiswahili kilikwisha kuwa na utata wake, na kilikwisha kupata dawa yake kwa kuazima neno moja lililo wazi. Kuazima kwa busara ni sehemu ya historia ya lugha hii.

Ukoloni uliingia Rumonge kwanza kwa sura ya kimisheni. Mapadri wa White Fathers walifungua kituo hapo mwaka 1879, na Mei 1881 watatu miongoni mwa wamisheni hao waliuawa, kituo kikafa. Walitoka katika nchi ambayo wakati huo, kama tutakavyoona, ilitumia mfumo mfupi. Wajerumani walianzisha kituo cha kijeshi cha Usumbura miaka kumi na sita hivi baadaye, na pamoja nao ikaja rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rupia hiyo hapo awali iligawanywa kwa pesa 64. Namba 64 hupendwa na wauzaji wa rejareja kwa kuwa hugawanyika nusu kwa nusu mara sita bila kubakisha, na tena ni mraba wa 8 na mchemraba wa 4. Mwaka 1904 serikali iliigeuza rupia kuwa ya heller 100, na 100 hugawanyika nusu kwa nusu mara mbili tu kabla ya kufika 25. Uzuri wa mia ulikuwa kwa makarani wa vitabu vya hesabu. Kwa mama anayeuza samaki kwa nusu na robo na nusu ya robo, mageuzi hayo yalikuwa hasara ndogo ya kila siku.

Baada ya mwaka 1916 Wabelgiji walishika Burundi, na faranga ikachukua nafasi ya rupia. Faranga ya pamoja ya Rwanda na Burundi ilitolewa mwaka 1960, na Burundi ikapata faranga yake peke yake mwaka 1964. Pamoja na faranga ilikuja shule ya Kifaransa cha Ubelgiji, na ndani yake neno *milliard*. Kirundi kililipokea kama *imiliyaridi*, na Kiswahili cha mwambao kikalipokea kutoka pande zote mbili.

Safari ya neno lililogeuka mara mbili

Turudi sasa Ulaya, kwa kuwa ni huko neno bilioni lilikogeuka. Katika karne za 17 na 18 waandishi wa hesabu wa Ufaransa walizoea kukata tarakimu katika mafungu ya matatu matatu, na bilioni yao ikashuka kutoka sufuri kumi na mbili hadi sufuri tisa. Wamarekani waliichukua maana hiyo ya Kifaransa. Waingereza hawakuichukua, walibaki na bilioni ya Chuquet, milioni mara milioni. Katika karne yote ya 19, basi, hali ilikuwa kinyume cha tunavyoiona leo: Mfaransa alikuwa katika mfumo mfupi, na kwake *billion* na *milliard* yalikuwa maneno mawili ya namba moja, ilhali Mwingereza alikuwa katika mfumo mrefu.

Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipokea pendekezo la kuurudisha mfumo mrefu barani Ulaya. Ufaransa ilitoa amri ya serikali Mei 1961 iliyothibitisha kuwa *billion* ni milioni mara milioni. Uingereza ilikwenda upande wa pili. Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilijibu Bunge kwamba takwimu za serikali zitatumia *billion* kwa maana ya sufuri tisa. Nchi hizo mbili zilipishana njiani, kila moja ikielekea mahali mwenzake alipotoka.

Tarehe hizo zina uzito kwa mwambao wetu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Burundi Julai 1962. Maana yake ni kwamba mataifa haya mawili yalipoanza kuandika bajeti zao wenyewe, watawala wao wa zamani walikuwa wote upande mmoja: Ubelgiji na Ufaransa kwa desturi na amri, Uingereza kwa desturi. Kwa muda wa miaka kumi na tatu hivi, Kiingereza rasmi cha London na Kifaransa rasmi cha Paris vilikubaliana kuhusu bilioni. Mwanafunzi wa Kigoma aliyefundishwa na mwalimu mwenye kufuata desturi ya Uingereza mwaka 1965 angeweza kuielewa bilioni sawasawa na mwenzake wa Rumonge. Anayedai kwamba tofauti ya leo ni urithi wa ukoloni hana budi kueleza kwa nini ilijitokeza baada ya wakoloni kuondoka.

Kwa kuwa wakati huo bajeti zilihesabiwa kwa mamilioni, hakuna aliyehitaji neno hilo sana. Haja ilikuja pale fedha zilipopoteza thamani.

Miliaridi mia tatu za Zaire

Mfano mkali kuliko yote umetokea ng'ambo ya ziwa. Mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ya Zaire ilitoa noti ya zaire 5,000,000, ambayo wafanyabiashara wengi waliikataa. Mwaka 1993 ilileta zaire mpya, moja kwa kila zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya, moja kwa kila 100,000. Ukizidisha viwango hivyo viwili unapata kwamba faranga moja ya Kongo ilisimama mahali pa zaire 300,000,000,000 za zamani.

Namba hii ni namba kamili, shufwa, yenye vigawo tasa vitatu tu: 2 na 5, kila kimoja kwa kipeo cha 11, na 3 mara moja. Vigawo vyake vyote ni 12 mara 12 mara 2, yaani 288. Haikutokea kwa kuhesabu kitu chochote. Ni zao la maamuzi mawili ya kukata sufuri, na uzuri wake wa kihesabu umetokana na kwamba wakata sufuri hupenda namba zenye 2 na 5. Sasa tuitaje. Uvira na Rumonge ni miliaridi mia tatu. Kigoma ni bilioni mia tatu. Kwa aliyesoma Kifaransa cha amri ya 1961 na akasikia bilioni mia tatu, ni 3 na sufuri kumi na nne. Mwenye akiba ya zaire za zamani asingejali, kwa kuwa kwa vyovyote haikununua kitu. Lakini mwanahistoria wa uchumi anayefasiri kumbukumbu hizo kwa Kiswahili lazima ajali.

Wajerumani walipitia hayo mapema zaidi. Novemba 1923 dola moja ya Kimarekani ilifika mark 4,200,000,000,000. Magazeti ya Berlin yaliandika namba hiyo kwa neno la bilioni, na ya New York kwa neno la trilioni, na wote walikuwa sahihi.

Katika mwambao wa Burundi mambo hayajafika huko, na tuombe yasifike. Hata hivyo bajeti ya serikali ya Burundi katika miaka ya karibuni imepita faranga miliaridi elfu nne. Tazama jinsi inavyosemwa. Kwa Kifaransa cha amri ya 1961 ingepasa kuitwa bilioni nne, lakini hakuna anayesema hivyo. Wasemaji wamelikimbia neno bilioni kwa sababu ya utata wake na wakaona afadhali waseme miliaridi elfu. Tanzania, kwa upande wake, ilisoma bajeti ya mwaka 2024/25 ya shilingi trilioni 49.35. Miliaridi elfu moja na trilioni moja ni namba ileile. Mshauri anayelinganisha bajeti hizo mbili kwa Kiswahili, akiwa na hati mbili zilizoandikwa kwa Kiswahili safi, anaweza kupotea bila mwandishi wa hati yoyote kukosea.

Ipo pia hatari ya kiufundi inayojitokeza karibu na ngazi hiyohiyo. Programu nyingi za zamani za hesabu hutunza namba kamili katika nafasi ya biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo, ikiwa nafasi moja imewekwa kwa alama ya jumlisha au toa, ni 2,147,483,647. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, na ni namba tasa, kama Leonhard Euler alivyothibitisha mwaka 1772. Kwa shilingi ya Uingereza ya zamani ingekuwa kiasi kisichofikirika. Kwa faranga za Burundi ni zaidi kidogo ya miliaridi mbili, kiasi ambacho mradi mmoja wa barabara hukivuka. Mfumo wa kompyuta uliobuniwa kwa fedha yenye thamani kubwa, ukiletwa bila kupimwa mahali ambapo namba ni kubwa, huweza kugeuza deni kuwa akiba.

Ziwa lenyewe kama namba

Katika masuala ya pamoja ya mwambao huu namba kubwa kuliko zote si ya fedha. Ziwa Tanganyika lina maji ya takriban kilomita za ujazo 18,900, na eneo la takriban kilomita za mraba 32,900. Nchi nne zinazolizunguka, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hili mjini Dar es Salaam Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Nchi mbili kati ya hizo hutumia Kifaransa serikalini na mbili hutumia Kiingereza. Lugha inayosikika katika mialo mingi ya nchi tatu kati yake ni Kiswahili.

Kilomita moja ya ujazo ina mita za ujazo 1,000,000,000. Kwa hiyo ziwa lina mita za ujazo miliaridi 18,900, kwa mfumo mfupi trilioni 18.9, na kwa mfumo mrefu bilioni 18.9. Tuseme ripoti ya Kifaransa imefuata amri ya 1961, na mfasiri ameigeuza neno kwa neno kuwa mita za ujazo bilioni 18.9. Msomaji wa Kigoma ataielewa kuwa kilomita za ujazo 18.9. Maji hayo yakitandazwa katika eneo lote la ziwa hufanya kina cha sentimita 57 hivi, ilhali kina cha wastani cha ziwa ni mita zaidi ya 570. Kwa mujibu wa hati hiyo mtoto angevuka kwa miguu kutoka Rumonge hadi Baraka.

Pendekezo kwa Kamisheni

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kulimaliza jambo hili katika kikao kimoja, lakini inaweza pia kulimaliza vibaya. Njia rahisi ingekuwa kuamuru bilioni peke yake na kuliita miliaridi neno la kikanda. Mwandishi wa makala haya haiungi mkono njia hiyo. Kati ya maneno mawili, miliaridi ndilo ambalo kwa zaidi ya karne mbili limeshika maana moja tu. Bilioni ndilo lililogeuka. Kulifuta neno lisilo na utata kwa ajili ya lile lenye utata, kwa hoja kwamba la pili lina magazeti mengi zaidi nyuma yake, ni uamuzi wa kisiasa unaojificha katika mavazi ya usanifishaji. Tena si Warundi na Wakongo tu walio upande huo. Kiarabu cha sasa, pamoja na kile kinachosikika Oman ambako Waswahili wengi wanaishi, husema *milyar* kwa namba hiyohiyo, na ngazi inayofuata husema *trilyun*. Kireno cha Msumbiji nacho huiita milioni elfu, na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019.

Kinachopendekezwa ni kwamba bilioni na miliaridi yaingizwe katika kamusi na miongozo ya Jumuiya kama visawe vya 10 kwa kipeo cha 9, bila kumwekea mmoja alama ya lahaja. Kwamba bilioni isitumike kamwe katika hati ya Kiswahili kwa 10 kwa kipeo cha 12, hata kama hati chanzi ya Kifaransa imefanya hivyo. Na kwamba namba hiyo ya pili iitwe trilioni au miliaridi elfu kadiri mwandishi atakavyoona. Katika kila hati ya fedha au ya maji, kiasi kinapotajwa mara ya kwanza kiandikwe pia kwa tarakimu zote au kwa kipeo. Vipimo vya kisayansi vina viambishi giga na tera, vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 1960, na hivi havina historia ya kugeuka. Hati za nishati na za hifadhi ya data tayari huvitumia.

Kazi ya haraka zaidi ni ya wafasiri. Kabla mwongozo haujatoka, mfasiri anayepokea hati ya Kifaransa kutoka Bujumbura au Kinshasa yenye neno *billion* ana kipimo kimoja chepesi: aulize kama kiasi kilichotajwa kinakusudiwa kuwa milioni mara milioni. Kikiwa hivyo, kipeuo chake cha pili ni namba kamili, na kwa Kiswahili ni trilioni. Kama mwandishi wa hati hana uhakika, hati irudishwe kwake ikaandikwe upya kwa sufuri.